Mkono Uliolifunga Sanduku

Malaba Stesheni
10 Januari 1966

Dada yangu Asio,

Yoga, kama tunavyosalimiana kwetu. Natumaini barua hii itafika mikononi mwako, isiishie dukani kama ile ya Krismasi. Mimi ni mzima na Baba ni mzima, isipokuwa mgongo wake ambao unaujua. Bado anageuza njia za reli, bado anarudi akinuka grisi, na bado ananiuliza, "Amoit, leo umefanya nini?" Hilo ndilo swali ninaloliogopa. Tangu nimalize darasa la saba sina jibu. Nimefagia. Nimechota maji. Nimekaa, nimesimama. Gari moshi la mizigo likipita kwenda Tororo natoka nje kulitazama, na nikirudi ndani nimesahau nilichokuwa nikifanya.

Nataka kukuuliza: nitaitwa lini? Baba anasema msichana haendi kwa wakwe wa dada yake kama kuku anayetafuta nafaka, anangoja aitwe. Basi nangoja. Lakini siku ya kuondoka ulinishika mkono ukaniambia, "Mtoto akizaliwa, wewe ndiye utakayekuja kunibebea." Nimeanza kujifunza kwa mtoto wa jirani, ingawa huyo akiniona tu analia.

Kuna kitu ninachokutengenezea. Siwezi kukitaja. Utakiona.

Jambo jingine. Nilikuwa nikifagia chini ya kitanda cha Baba, nikaikuta mbeleko ya Mama, ile ya ngozi ya pongo, aliyotubebea sote wawili. Nilidhani panya wamekwisha kuila. Kumbe iko nzima, na yale madoa meupe bado yanaonekana. Niliinusa. Usinicheke. Je, nikuletee nitakapoitwa? Naona Mama angefurahi mjukuu wake abebwe nayo.

Msalimie shemeji Echodu. Msalimie pia mama mkwe wako, Mama Selpha, ambaye namwogopa hata kabla sijamwona.

Mdogo wako,
Amoit


Malaba Stesheni
23 Januari 1966

Kwako Zulaika,

Tangu utoke kwa shangazi yako ukarudi Busia kwa baba yako, sina mtu wa kunisemea. Leo nilikwenda kununua chumvi nikarudi na sukari, kwa sababu muuza duka alidhani nimesema sukari nami nikaona haya kumsahihisha. Ungekuwapo ungecheka mpaka ukae chini.

Nitakwambia siri yangu. Namtengenezea Asio sanduku. Si la nguo. Dogo, la kuwekea vitu ambavyo mtu hataki vipotee: ule ushanga wa mama yetu, picha yake, na vitu vya mtoto atakayezaliwa. Asio ndiye aliyenilea tangu Mama afariki, na alipoolewa Amukura mwaka jana sikumpa chochote. Watu walicheza ngoma, mimi nilijificha nyuma ya ghala.

Unamjua Fundi Kassim, yule wa milango na masanduku ya safari karibu na stesheni. Nilisimama nyuma ya nguzo ya banda lake kwa muda mrefu sana. Mwisho akasema bila kuinua kichwa, "Wewe, umekuja kununua au kunihesabia misumari?" Nilikimbia. Kesho yake nikampelekea uji. Akaunywa, akanirudishia kikombe pamoja na kipande cha msasa. Ndivyo nilivyoanza.

Mbao nilizipata kwa Baba: mlango wa behewa la zamani uliovunjwa, mvule mtupu, mkavu kama mfupa. Fundi anasema mti uliokwisha kusafiri Mombasa na Kampala hauwezi tena kujikunja, umechoka. Pembe naziunga kwa meno, yaani nakata meno huku na huku, yaumane bila msumari. La kwanza liliumana kama la mzee kibogoyo. Fundi akalitupa motoni, akasema, "Anza tena, mama."

Wanawake wanaokwenda sokoni wameniona na randa. "Amoit! Ukimaliza hilo utuchongee na waume!" Nilitaka ardhi inimeze. Lakini sikuiacha randa.

Ndani yake nataka kuweka kitambaa laini. Je, baba yako anaweza kunipatia mahameli huko madukani, na bawaba mbili ndogo?

Rafiki yako,
Amoit


Busia
29 Januari 1966

Amoit bubu wangu,

Barua yako imenifurahisha mpaka Mama akauliza kama nimeandikiwa na mwanamume. Nikamwambia ndiyo, anaitwa Fundi Amoit, ana randa. Hakucheka.

Bawaba ndizo hizo, za shaba. Baba amezipata kwa Mzee Edris. Mahameli imekwisha madukani, ngoja. Wewe sema tu "ngoja" uone jinsi neno hilo linavyowasha. Mimi ndilo nililopewa badala ya chakula. Siku hizi siendi popote. Nakaa nyuma ya nyumba nasikia magari yakienda Uganda, magari yakitoka Uganda, wauza samaki wanagombana kwa Kiganda na Kisamia, na mimi nachambua mchele. Nimechambua mchele mpaka naota mawe.

Sasa nisikilize. Sanduku likiisha usilikalie. "Naitwa lini, naitwa lini?" Utaitwa ukiwa na mvi! Mpe baba yangu. Lori lake linapita Amukura kila anapokwenda kuchukua pamba, na ndiye huyo huyo anayebeba barua zetu hizi. Atalifikisha mpaka langoni kwa dada yako. Wewe huwezi kwenda bila kuitwa, lakini nani amesema sanduku nalo lingoje?

Fundi Kassim mwambie Baba, Abdallah wa lori, anamsalimu, na bado anasubiri kile kiti.

Wako,
Zulaika


Amukura
8 Februari 1966

Mdogo wangu Amoit,

Barua yako nimeipata. Echodu ndiye aliyetusomea, jioni, mama yake akiwapo na wake wa ndugu zake. Hapa barua ni ya nyumba nzima. Alipofika katikati aliruka mistari, akamalizia salamu.

Mimi niko salama. Kazi ni nyingi lakini si mbaya. Mama Selpha ananifundisha mambo ya hapa. Ni mengi. Mengine niliambiwa mara moja tu na natakiwa kuyakumbuka daima.

Kuhusu kile kitu cha Mama ulichokiona chini ya kitanda. Kiache pale pale. Usiniletee, usinitumie, na usikitaje tena katika barua. Nakuomba, Amoit. Ukiandika, andika habari za Baba na za mvua.

Kuhusu kuitwa, vumilia. Si mimi ninayeita. Mtoto akizaliwa, Mama Selpha ndiye atakayesema.

Nakula vizuri. Usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Asio


Malaba Stesheni
13 Februari 1966

Zulaika,

Nakunakilia maneno ya Asio kama yalivyo: "Kiache pale pale. Usiniletee, usinitumie, na usikitaje tena." Anasema juu ya mbeleko ya mama yetu! Niliyoichukua kama kitu kitakatifu, nikaipangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Nimeisoma barua hiyo mara nyingi na sasa nimeelewa. Anaona haya. Kwa kina Echodu kuna nyumba ya mabati, kuna baiskeli, na mtoto atafunikwa blanketi la dukani. Asio hataki wakwe zake wajue kwamba sisi tulibebwa kwa ngozi ya mnyama. Hata Echodu aliyaruka maneno yangu, kwa aibu. Nililia kidogo, halafu nikakasirika, halafu nikaenda kwa Fundi kwa sababu nyumbani siwezi tena kukaa. Nikikaa miguu inatikisika yenyewe.

Sanduku limekwisha kusimama. Meno yameumana safari hii. Fundi aliligonga kwa kidole pande zote, akasema, "Hm." Nimekwambia jinsi alivyo, "hm" ni sherehe.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nimeikata mbeleko. Nilifikiri hivi: Asio anaona haya kwa sababu ni kuukuu na inaonekana kuukuu. Lakini ikiwa ndani ya sanduku zuri, imenyooshwa, imebandikwa vizuri kila upande, madoa yake yakitazama juu, itakuwa kama mahameli ya wafalme. Hakuna atakayejua ilikuwa mbeleko ila sisi wawili. Kila akifungua atashika mgongo wa Mama. Mishipi ya kufungia nimeiacha, ndiyo iliyobaki chini ya kitanda.

Kabla sijapaka gundi Fundi aliuliza, "Ngozi ya nani?"

"Ya marehemu mama."

"Umewauliza wenyewe?"

Nikaitikia kwa kichwa. Na ni kweli, niliuliza. Jibu ndilo ambalo sikulisema.

Akanipikia gundi. Tulibandika pamoja, yeye akishika, mimi nikinyoosha. Sasa liko chini ya mawe mazito linakauka, nami nazunguka banda kama mbuzi aliyefungwa.

Usinitafutie tena mahameli.

Amoit


Busia
2 Machi 1966

Amoit,

Umechelewa, mahameli imepatikana! Ya kijani, rangi nyingine hakuna. Nitaiweka, nitajishonea kitu nikiruhusiwa kutoka nje, labda mwaka elfu mbili.

Umefanya vizuri. Dada zetu wakishaolewa huona ya nyumbani yote yananuka. Hadijah wetu alipoolewa Mbale alirudi akatuambia chai yetu ina moshi. Chai aliyokunywa miaka yote! Akiliona sanduku atajuta maneno yake.

Baba atapita kwenu akienda Amukura. Lifunge katika gunia, andika jina kwa herufi kubwa, maana Baba na kusoma hawajuani sana.

Na uache kuzunguka. Utachimba shimo.

Zulaika


Malaba Stesheni
20 Machi 1966

Dada Asio,

Mzee Abdallah ananingoja, injini inanguruma, kwa hiyo naandika upesi. Gunia hili ni lako. Lililomo nimelitengeneza mwenyewe, kila jino la pembe, muulize Fundi Kassim. Lifungue mbele ya watu, wote walione.

Ndani yake kuna kitu utakachokitambua kwa mkono kabla ya macho. Najua ulisema nini. Nimekifanya kisikuaibishe.

Hapa mvua imeanza. Baba hajambo. Niite upesi.

Amoit


Malaba Stesheni
10 Aprili 1966

Dada Asio,

Mzee Abdallah anasema gunia alilipokea shemeji Echodu mwenyewe langoni, na nyumbani kulikuwa na wanawake wengi na moshi wa kupikia. Je, mtoto amezaliwa? Leo ni Pasaka na hujaniandikia hata neno. Kama sanduku halikukupendeza, sema. Kama nimekosa, sema.

Kila lori likipunguza mwendo natoka nje.

Amoit


Amukura
17 Aprili 1966

Amoit,

Naandika mwenyewe, Echodu amekwenda shambani. Mwandiko wangu usamehe.

Mtoto amezaliwa, ni msichana. Alizaliwa asubuhi ile ile gunia lako lilipofika. Wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa nyumbani, nami nilikuwa nimelala naye kifuani. Echodu aliingiza sanduku, na kila mtu akasema, "Ah!" Mama Selpha alilipitisha kiganja juu ya kifuniko. Akasema, "Huyu mdogo wako ana mikono." Kisha akanipa nilifungue.

Nilitia mkono ndani. Amoit, niliijua mara moja. Nilitaka kulia kwa furaha, na papo hapo nikataka kulifunga.

Wanawake wote wa ukoo huu, tangu siku ya kuolewa, wamekatazwa mnyama yule mwenye madoa. Hatumli, hatugusi ngozi yake, hatutaji jina lake, na juu ya yote haingii katika nyumba yenye mtoto mchanga. Ni mwiko wao tangu mababu. Kwetu haupo, ndiyo maana Mama aliweza kutubeba nayo. Nilipoolewa bibi mmoja aliniambia haya sikioni. Barua yako ya kwanza ilimtaja mnyama huyo, na Echodu hakuweza kulisoma neno hilo mbele ya wanawake. Ndipo nilipokuandikia uiache.

Ningeweza kukueleza zaidi. Ningeweza kutafuta njia. Lakini wewe umesoma kuliko mimi, na niliogopa utasema dada yako ameingia katika mambo ya kizamani. Sikutaka unicheke.

Mama Selpha aliyaona madoa, akamfunika mtoto uso. Wakalisukuma sanduku kwa fimbo mpaka nje, liko chini ya ghala, limefunikwa kwa kikapu kibovu. Baada ya siku chache mtoto akatokwa vipele, mgongo mzima. Unaweza kufikiri walisema nini. Mtoto hajapewa jina. Mimi sijatoka nje ya nyumba. Wanasema nilijua, na nikawaficha watu wa kwetu mwiko huo kwa dharau. Wake wa ndugu za Echodu wananiletea chakula na kuondoka bila kuketi.

Mama Selpha amesema hivi: ngozi ile sisi hatuwezi kuigusa, wala kuichoma hatuwezi. Mkono uliolifunga sanduku ndio ulifungue. Aje mwenyewe, aitoe mbele yetu, ndipo tumuoshe mtoto na kumpa jina.

Basi umeitwa, Amoit. Sivyo nilivyotaka uitwe.

Asio


Malaba Stesheni
19 Aprili 1966

Zulaika,

Isome barua ya Asio niliyokufungia humu, kisha uirudishe.

Niliyemtukana moyoni kwa kuona haya, kumbe alikuwa akinikinga. Na mtoto, Zulaika. Ana vipele na hana jina, kwa sababu yangu.

Natakiwa kusimama mbele ya wanawake wa ukoo mzima na kusema. Mimi, niliyeshindwa kusema "chumvi." Nimejaribu maneno mbele ya ukuta. Nikifika "mama zangu" naanza upya. Jana gari moshi la Tororo lilisimama mbele ya nyumba, milango wazi, na nikafikiri jambo ambalo sitaliandika.

Nilimwambia Baba yote. Alivua viatu vyake kwanza. Akasema, "Ulitaka kuitwa. Nenda."

Nilimwambia Fundi Kassim. Nilidhani atanifukuza. Akauliza, "Uliuliza wenyewe, wakakubali?" Nikasema, "Niliuliza. Walikataa." Akachukua patasi yake ndogo, ile ambayo hata kuishika hakuniruhusu, akaifunga katika kitambaa. "Ile gundi inalegea kwa maji ya moto. Usikwangue kwa hasira, utaliua sanduku. Lenyewe halijakosa."

Baba yako anapita Jumamosi. Kama unaniombea kwa Mungu wako, nami namwomba wangu, labda mmoja wao atakuwa hana kazi.

Amoit


Busia
21 Aprili 1966

Amoit,

Mimi ndiye niliyesema "sanduku halingoji kuitwa." Mimi na mdomo wangu. Nimemwambia Mama, akanipiga kofi la mgongo, kisha akakaa akafikiri, akanipa kopo la poda kwa ajili ya vipele. Anasema mdogo wangu alikuwa navyo pia utotoni, vipele vya joto tu, na kwetu hakukuwa na ngozi yoyote. Lakini hilo usiwaambie kule. Wape poda tu na ukae kimya, hilo unaliweza.

Nakutumia pia ile mahameli ya kijani. Nilikuwa nimeikata mfano wa blauzi, itakubidi uiunge.

Kama maneno hayatatoka, fanya kazi uliyoitiwa. Watakuona mikono.

Zulaika


Amukura
8 Mei 1966

Kwa Mzee Ekwaro, Malaba Stesheni

Mimi ni Selpha, mama wa Echodu, mkwe wako. Kuandika sijui. Anayeandika ni binti yako Amoit, na nimemwambia aandike ninayosema, asipunguze wala asijipambe.

Habari za kwetu ni njema. Mvua ni nzuri, wimbi umeota.

Binti yako alifika Jumamosi, wiki mbili zilizopita, kwa lori la yule Mwislamu. Alisimama langoni kama mti. Tulikuwa tumeketi tukimngoja, wanawake wote. Nikasema, "Ingia, useme." Akaingia, hakusema. Mke wa shemeji yangu akasema, "Ametumwa bubu." Binti yako akatia mkono katika kifurushi akatoa chuma chenye makali, na wawili kati yetu wakakimbilia nyuma ya nyumba. Ndipo akafungua kinywa. Neno la kwanza tulilolisikia kwake ni, "Maji ya moto."

Tulicheka, mzee, nisikufiche. Mtu ameitwa kwa kosa zito, anaagiza maji ya moto kama mkunga.

(Baba, sikuagiza. Niliomba.)

Nimemwambia asijibu. Aliketi chini ya ghala, akalifunua sanduku, akaanza. Kazi hiyo ilichukua mchana wote. Analowesha, anangoja, anainua kidogo kwa ncha ya kile chuma, anangoja tena. Hakuna aliyemsaidia, kwani hatuwezi kuigusa. Machozi yalikuwa yanashuka lakini mkono haukuacha kazi. Mimi nimeona watu wakijuta kwa mdomo. Sijaona mtu akijuta polepole namna ile.

Alipomaliza alisimama, akasema kwa sauti tuliyoisikia sote: "Mama zangu, ni mimi. Dada Asio alinikataza kwa barua. Nilidhani najua kuliko yeye. Yeye hana kosa."

Hapo tukatazamana. Maana tulikuwa tumemlaumu Asio kwa kutomwambia, kumbe alimwambia. Yule mke wa shemeji yangu, msemaji sana, ndiye aliyekwenda wa kwanza kumwekea Asio kiti nje, atoke.

Tulimuosha mtoto siku ile ile. Vipele vimekauka. Kulikuwa na poda iliyoletwa, tukampaka, haikudhuru. Kesho yake tukampa jina. Unajua tunavyofanya: unachovya kidole katika pombe ya wimbi, unamgusisha mtoto mdomoni, unataja jina la wazee wetu, akinyonya ndilo lake. Nilimtajia jina la mama mkwe wangu, akatema. Nikamtajia langu, akageuza uso. Akakubali la Alupo, shangazi mmoja mgomvi aliyenisumbua miaka yote. Amenyonya kidole kama ziwa. Basi ni Alupo. Tutafanyaje?

Sasa ile ngozi. Nilikuwa nimesema ataibeba mpaka ng'ambo ya kijito aichome. Alivikunja vipande vyake, akanitazama. Nikamuuliza ilikuwa ya nani. Akasema, "Ilikuwa mgongo wa Mama."

Mzee Ekwaro, mimi nami sikuzaliwa katika ukoo huu. Nililetwa hapa msichana, nikaambiwa mwiko sikioni kama Asio alivyoambiwa. Kwa baba yangu mnyama huyo alikuwa akikamatwa, tunamla. Ladha yake sijaisahau mpaka leo. Hilo usimwambie mtu.

(Nimemuuliza kama niliandike. Amesema andika, karani hana masikio.)

Kwa hiyo sikuruhusu ichomwe. Amevifunga vipande katika gunia lile lile lililoleta sanduku, na Abdallah anakuletea pamoja na barua hii. Viweke chini ya kitanda pamoja na mishipi yake. Huyu binti yako naye ataolewa siku moja. Wakiwa ni watu wasiokatazwa, atavishona tena. Mishono itaonekana, lakini mtoto haangalii mishono.

Sanduku liko ndani ya nyumba. Limewekwa kitambaa cha kijani chenye umbo la mkono wa blauzi, na Asio ameweka humo ushanga wa mama yake. Mwambie huyo Fundi Kassim nami nataka langu, kubwa kidogo, na atengeneze huyu huyu.

Patasi yake hatairudisha sasa, kwa sababu binti yako simrudishi. Alupo hanyamazi mgongoni kwa mwingine. Kwa mama yake analia, kwangu analia, kwa huyu asiyesema analala. Namtaka mpaka mtoto atembee. Ukikataa njoo umchukue mwenyewe, na utatukuta tumepika.

Naona kalamu imesimama. Amoit, andika.

Ni mimi, mkwe wako,
Selpha

Baba, nimeandika yote. Leo ukirudi kutoka kazini hakuna wa kumuuliza amefanya nini, kwa hiyo nakuambia bila kuulizwa: nimebeba mtoto. Alupo ameamka, naenda.

Amoit